Mzee akitaka kucheza, mwacheni acheze

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mbeya. Anaandika kwamba baba yake ana miaka 73, ana presha inayodhibitiwa kwa dawa, na kila asubuhi hupanda baiskeli kwenda shambani, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Yeye na ndugu zake wamekaa kikao, wakaamua baiskeli iuzwe. “Tunataka mzee apumzike, ametulea vya kutosha. Lakini tangu tumwambie amenuna, hasemi na mtu. Tumekosea wapi, dada?”

Hili si swali la familia moja. Tangu nianze kuandika safu hii nimeulizwa kwa namna nyingi: mama wa miaka 68 anayekataa kuacha kulima bustani, babu anayetaka kupanda ngazi mwenyewe, shangazi mstaafu aliyejiunga na kikundi cha mbio za pole. Watoto wanaogopa, wazee wanalalamika, na kila upande unadai kwamba unafanya hivyo kwa upendo.

Ningeweza kumjibu msomaji wangu kwa mistari mitatu ya kitaalamu. Lakini yupo mzee mmoja anayejibu swali hili vizuri kuliko mimi, na naomba leo niwaletee habari zake. Alinifundisha kucheza tenisi nikiwa na miaka tisa. Amefariki mwaka juzi akiwa na miaka 85. Familia yake imeniruhusu kusimulia, ila imeomba nisitaje jina. Haina shida, kwa sababu sisi watoto wa uwanjani hatukuwahi kumwita kwa jina. Tulimwita Babu.

Macho hayana pazia

Babu alizaliwa Morogoro mwaka 1939. Tarehe hakuijua, ila mama yake alikumbuka kuwa ndio mwaka ilipoanza vita ya Hitla. Alipofika miaka 11 alipata kibarua cha kuokota mipira kwenye klabu ya Wazungu pale mjini. Enzi hizo Mwafrika aliingia klabuni akiwa mpishi, mhudumu, mkata nyasi au mwokota mipira. Watoto walisimama pembeni ya wavu, pekupeku, juani, wakisubiri mpira utoke wakimbilie kuuokota. Malipo yalikuwa senti chache.

Kushika raketi ya mwanachama ilikuwa marufuku. Kutazama hakukukatazwa, na Babu alipenda kusema macho hayana pazia. Alitazama miguu zaidi ya mikono. Aligundua kwamba wachezaji wazuri walikuwa wameshafika mahali mpira utakapoangukia kabla haujafika, na wale wabaya walikuwa wanakimbia baada yake. Jioni alichonga ubao wa sanduku la chai, akapiga mipira iliyotupwa kwenye ukuta nyuma ya jiko la klabu hadi mpishi alipomfukuza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 milango ya klabu ilianza kufunguka, lakini ada ya uanachama ilikuwa kubwa kwa kijana wa reli. Alikuwa ameajiriwa kama fundi wa mabehewa. Basi akawa anaitwa pale mwanachama anapokosa mwenzake wa kucheza naye. Anaacha spana, ananawa mikono, anacheza seti mbili, anarudi kazini. Hivyo ndivyo alivyocheza tenisi kwa zaidi ya miaka 30, bila kuwa mwanachama wa klabu yoyote.

Si tenisi tu. Alidaka mpira katika timu ya kazini hadi alipokaribia miaka 40. Kazini alikwenda kwa baiskeli. Mwaka 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 sekunde 32.16, Babu alikuwa karibu na redio. Kwa wiki nzima baada ya hapo, alisema, nusu ya vijana wa mtaa wao walikuwa wanakimbia barabarani, kila mmoja akitaka kuongoza tangu mwanzo kama Bayi. Wengine wote waliacha. Yeye hakuacha.

Ipe mkono raketi

Alipostaafu, Babu aliona kiwanja cha udongo kilichokuwa kimejaa magugu karibu na nyumba za reli. Akaomba ruhusa kwa uongozi wa mtaa, akakifyeka, akakipima kwa kamba: urefu mita 23.77, upana mita 8.23, vipimo alivyovishika kichwani tangu akiwa mwokota mipira. Mistari aliichora kwa chokaa. Wavu ulikuwa wavu wa samaki ulioshonwa upya, ukining'inia kati ya nguzo mbili za chuma cha reli.

Mimi nilifika pale mwaka 2006 kumwita kaka yangu aende dukani. Babu, wakati huo ana miaka 67, alikuwa katikati ya kiwanja na kaptura yake ya kaki, akinyesha udongo maji kwa ndoo ili vumbi litulie. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama, akanyoosha raketi ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa tyubu ya baiskeli.

“Isalimie,” akasema.

Sikuelewa.

“Ipe mkono, kama unavyompa mkono mgeni. Hivyo hivyo. Sasa usiiachie.”

Baadaye nilikuja kujua kwamba kushika mpini kama mtu anayesalimiana ni njia ambayo makocha wengi duniani huanza nayo. Babu hakuisoma popote. Aliiona kwenye mikono ya watu akiwa na miaka 11.

Mipira yetu ilikuwa imechakaa, imepoteza upepo na manyoya. Wageni waliopita walituonea huruma. Lakini mpira wa namna hiyo hudunda chini na huja taratibu, na mtoto wa miaka tisa anapata muda wa kuuona. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliweka kanuni kuanzia mwaka 2012 kwamba mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yatumie mipira laini inayokwenda polepole. Sisi tulikuwa tumeshaanza zamani, kwa sababu ya umaskini.

Kanuni yake kubwa ilihusu mstari. Hatukuwa na mwamuzi, kwa hiyo kila mchezaji alijiamulia upande wake. “Kama hukuuona vizuri ulipoangukia, ni wa mwenzako.” Hakukuwa na majadiliano. Siku moja kaka yangu na mwenzake waligombania mpira mmoja hadi wakashikana mashati. Babu hakuwapiga wala kuwafokea. Aliwaketisha chini ya mwembe, akaweka ule mpira katikati yao, akasema watacheza tena pale mmoja wao atakapompa mwenzake pointi. Walikaa hadi jua likazama. Kaka yangu ndiye aliyetoa, na mpaka leo anadai mpira ulikuwa nje.

Picha ukutani

Sebuleni kwa Babu kulikuwa na picha iliyokatwa kwenye gazeti, ya Arthur Ashe wa Marekani, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda ubingwa wa Wimbledon mmoja mmoja. Ilikuwa Julai 1975. Mpinzani wake Jimmy Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, na karibu kila mtu alimpa yeye ushindi. Ashe alikuwa anakaribia miaka 32. Badala ya kushindana kwa nguvu alimpa Connors mipira ya taratibu, mifupi, ya pembeni. Connors aliyezoea kurudisha moto kwa moto akakosa moto wa kurudisha. Ashe akashinda 6–1, 6–1, 5–7, 6–4.

Babu alitusimulia mechi ile kana kwamba alikuwepo. Alitaka tujue kwamba nguvu zikipungua, mchezo haujaisha.

Nilipokua nikasoma habari za mwalimu wa Ashe, na nikamwona Babu mule mule. Aliitwa Dk Robert Walter Johnson, tabibu mweusi wa mji wa Lynchburg, Virginia, aliyezaliwa mwaka 1899. Chuoni alikuwa mcheza mpira wa Kimarekani; tenisi aliianza ukubwani. Alijenga kiwanja nyumbani kwake, na kila kiangazi akawakaribisha watoto weusi ambao viwanja vya mji viliwafungia milango. Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua Wimbledon, mwaka 1957, alipita mikononi mwake. Ashe alifika akiwa na miaka 10. Dk Johnson naye alikuwa na kanuni ya mstari: mpira ulioangukia nje kidogo tu upande wako, hesabu uko ndani. Alijua kwamba kwenye mashindano ya wazungu ubishi mmoja wa mtoto mweusi ungetosha kuwa sababu ya kumfukuza.

Dk Johnson alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 72. Aliwahi kumwona kijana wake akishinda US Open mwaka 1968, ila Wimbledon hakuiona. Nilipomsimulia Babu habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Alikuwa bado anacheza?” Hilo ndilo lililomhusu.

Siku raketi ilipochukuliwa

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2019, Babu akiwa na miaka 80, alianguka. Hakuanguka uwanjani. Aliteleza bafuni usiku, kwenye sakafu yenye maji, taa ikiwa imeungua. Hakuvunjika, alichubuka kiwiko na kuvimba paja. Lakini habari ziliposambaa kwenye kundi la familia, watoto wake walikuja mbio. Kaka mkubwa alisafiri kutoka Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Aliporudi, raketi zote mbili za Babu zilikuwa kwenye buti la gari lake.

Nataka nieleweke vizuri: kijana yule alimpenda baba yake. Alimnunulia kiti kikubwa cha kuegemea, runinga na king'amuzi. Alimwajiri binti wa kumpikia na kumfulia. Aliwaambia ndugu zake kwamba mzee asinyanyue hata ndoo. Majirani walimsifu, wakasema huyu ndiye mtoto anayejua fadhila.

Nilikwenda kumsalimia miezi minane baadaye, nikiwa nimemaliza chuo. Nilimkuta Babu kwenye kiti kile. Shati lilikuwa limemwelea mabegani. Alipotaka kuinuka kunisindikiza, aliweka mikono yote miwili kwenye viegemeo, akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena. Binti wa kazi akaja akamshika kwapa. Mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa anachota maji ndoo kumi kunyeshea kiwanja, sasa anainuliwa kama mgonjwa, na hakuna daktari aliyekuwa ametaja ugonjwa wowote mpya.

Kilichomtokea si muujiza. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Kinachopunguza kasi hiyo ni kuitumia. Ukiacha, inakwenda haraka mno. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la JAMA kuhusu kundi dogo la wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Kwa siku hizo 10 tu, walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Babu alikaa miezi minane.

Na huku tunamkalisha ili asianguke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Hofu ya watoto wa Babu ilikuwa na msingi. Ila miguu ambayo haifanyi kazi ndiyo inayoanguka kwa urahisi zaidi. Kiti kile kilichonunuliwa kumlinda kilikuwa kinamwandaa kuanguka vibaya.

Kikao cha familia

Aliyemwokoa ni binti yake wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Alimpeleka hospitali, wakapita dirisha la wazee, wakaelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo, mpole. Kipimo cha kwanza kilikuwa rahisi ajabu. Alimwambia Babu akae kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Babu alisimama mara tatu.

Kisha yule mama akauliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameliuliza: “Babu, kabla hujaanguka ulikuwa unapenda kufanya nini?”

“Kufundisha watoto kupiga mpira.”

Akaandika kwenye kadi. Kwa wiki sita za kwanza mazoezi yalikuwa kusimama na kukaa kitini, kushika meza ya jikoni na kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino kikigusa kidole, na kutembea hadi kona ya mtaa na kurudi. Presha ilipimwa kila wiki na dawa zikarekebishwa, maana ilibainika kwamba moja ilikuwa inampa kizunguzungu akiinuka usiku. Hapo ndipo pengine ilipokuwa sababu ya kuteleza kule. Raketi haikuhusika.

Alipofikisha mara tisa kwa sekunde 30, binti akaitisha kikao. Nilialikwa kwa sababu mzee alisema nami ni mtoto wake wa uwanjani. Kaka mkubwa alizungumza kwa uchungu. “Akivunjika nyonga, nani atalaumiwa? Si mtasema mkubwa alikuwa wapi? Na watu watatuonaje, baba yetu wa miaka 81 anahangaika juani na watoto wa watu?”

Palikuwa kimya. Nadhani wengi wetu tunaoishi na wazee tunaijua hofu hiyo ya pili, ya watu watatuonaje. Katika jamii yetu mzee anayeketi kivulini na kuletewa kila kitu ni heshima kwa watoto wake. Mzee anayetoka jasho anaonekana ametelekezwa.

Babu aliomba kusema. Hakutoa hotuba. Alisema: “Mwanangu, nimeshukuru kwa kiti. Ni kizuri, ndicho ninachokalia. Lakini nikiamka asubuhi sina ninakokwenda.”

Kaka mkubwa alitoka nje. Tulidhani amekasirika. Aliporudi alisema raketi ziko Dar es Salaam, zitakuja na basi la kesho.

Masharti yaliwekwa, na mtaalamu aliyasaidia kuyapanga. Hatafuata mipira, watoto watamletea. Atafika saa 12 na nusu asubuhi na kuondoka kabla jua halijawa kali. Atavaa viatu vyenye soli isiyoteleza. Atakunywa maji, atameza dawa zake baada ya uji, na mjukuu mmoja atakuwa karibu. Bafuni likafungwa bomba la kushikilia ukutani na taa isiyozimwa usiku. Kazi hiyo ya bafuni iligharimu kidogo sana ukilinganisha na kile kiti.

Babu alifundisha miaka minne mingine. Miguu haikurudi kuwa ya zamani. Alisimama karibu na wavu, akapiga mipira ya taratibu, mifupi, ya pembeni, akiwachosha vijana wa miaka 15 huku yeye akipiga hatua mbili tu. Wazee wetu walisema ng'ombe hazeeki maini. Mimi niliyaona maini hayo. Mwaka 2024 alipata nimonia, akaugua siku tisa, akafariki. Alikuwa ametoka uwanjani Jumamosi ya kabla ya hapo.

Utafiti nao unasemaje

Watu huniuliza kama tenisi kweli huongeza maisha. Wapo watafiti wa Denmark waliofuatilia watu 8,577 wa jiji la Copenhagen kwa muda wa hadi miaka 25, wakalinganisha michezo wanayocheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliocheza tenisi waliishi wastani wa miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Mpira wa vinyoya ulikuwa miaka 6.2, soka 4.7, baiskeli 3.7, kuogelea 3.4 na mbio za pole 3.2.

Usiuze mbuzi ukanunue raketi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tenisi yenyewe ndiyo iliyowapa miaka hiyo. Mcheza tenisi wa Ulaya mara nyingi ana kipato kizuri, na kipato huleta chakula bora na tiba ya haraka. Lakini watafiti wenyewe walielekeza jicho kwenye jambo moja: michezo iliyotangulia inahitaji mtu mwingine. Huwezi kucheza tenisi peke yako. Kuna anayekusubiri, na usipofika atauliza uko wapi.

Nikimfikiria Babu naona hilo linafaa hata kwa asiyewahi kuona raketi. Watoto 20 walikuwa wanamsubiri kila Jumamosi.

Nimjibu msomaji wangu

Kaka yangu wa Mbeya, hujakosea kumpenda baba. Ila kabla ya kuuza baiskeli, fanyeni haya.

Kwanza, mpelekeni akapimwe. Mwulizeni daktari swali mahsusi: presha yake ikiwa hivi, je, kilomita 12 za baiskeli kwa siku zinamfaa? Dawa zake zinampa kizunguzungu? Macho yake yanaona gari linalokuja? Majibu hayo ndiyo yaamue, wala si umri peke yake.

Pili, angalieni mwenendo wake. Akilalamika maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, moyo kwenda mbio ovyo au kizunguzungu akiwa kwenye baiskeli, asimame na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, rekebisheni mazingira kabla ya kumrekebisha mzee. Breki za baiskeli zikoje? Njia ya shambani inapita barabara kuu? Bafuni kuna mahali pa kushika? Wazee wengi huangukia nyumbani.

Nne, ikiwa daktari atakataza baiskeli, msimwachie pengo. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na angalau siku tatu kati ya hizo wafanye yale yanayojenga nguvu na uwezo wa kusimama imara. Kutembea kwa haraka ni mazoezi. Kulima ni mazoezi. Kusimama na kukaa kitini bila kushika ni mazoezi, na hayahitaji senti.

Tano, mwulizeni yeye. Kikao mlichokaa, kwa maelezo yako, baba hakuwepo. Kaeni tena naye awepo, azungumze wa kwanza. Penye wazee haliharibiki jambo, na hili ni jambo lake mwenyewe.

Yule kaka mkubwa wa familia ya Babu sasa ana miaka 58. Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka juzi, na daktari akamwambia atembee. Tulizungumza kwa simu nilipomwomba ruhusa ya kuandika makala hii. Alisema kila asubuhi anatembea saa nzima, na Jumamosi anakwenda kupiga mpira ukutani. Nilimuuliza raketi aliipata wapi. Akacheka, akasema zipo mbili, na moja ina tyubu ya baiskeli kwenye mpini.

Na hiyo baiskeli yenu, kama haijapata mnunuzi, jazeni upepo mumrudishie mzee. Tukutane wiki ijayo.